Majabali ya Ndege: Safari ya Picha Kaskazini mwa Dunia



Wasomaji waliouzoea ukurasa huu wanajua kwamba aghalabu sisi huishia Lamu, Kilwa au Unguja, na tukijaliwa kwenda mbali basi ni Muscat kuwazuru jamaa. Wiki hii twaenda mbali zaidi, mahali ambapo mwezi wa Julai, ulio kilele cha kiangazi chao, mtu hutoka nyumbani amevaa sweta mbili na koti juu yake. Nchi yenyewe ni Iceland, kisiwa cha Bahari ya Atlantiki kilicho karibu na Mzingo wa Aktiki, na kilichotupeleka huko ni ndege wa baharini.

Tulikwenda watu wanne wa nyumba moja, wazazi wawili na mabinti wawili, katika kundi la watu kumi lililoongozwa na mwanamke mwenyeji ambaye kazi yake ni kuwapeleka wapiga picha nyikani. Watu wa Iceland huitana kwa jina la kwanza, awe mvuvi au Rais wa nchi, na hawana desturi ya kutanguliza Bwana wala Bibi. Mabinti zetu hawakuweza kulitaja jina la mtu aliye na umri wa mama yao bila ya heshima mbele yake, basi wakamwita Khaleti. Mwanzo alistaajabu, kisha akalipenda jina hilo, na ilipofika siku ya tatu kundi zima lilikuwa likimwita hivyo hivyo.

Ziara ya kupiga picha si kama matembezi ya kawaida ya watalii. Hakuna kukimbizwa kutoka mnara mmoja hadi mwingine, wala kuteremshwa mlangoni mwa duka la vinyago. Watu huketi mahali pamoja saa tatu au nne wakingoja mwanga ugeuke au ndege arudi, na wakati mwingine huondoka bila ya picha yoyote ya kusifiwa. Asiyekuwa na subira huiona kuwa adhabu. Sisi tuliiona kuwa raha, maana ni nadra siku hizi familia kukaa pamoja muda wote huo bila ya mtu kushika simu.

Njia yetu ilianzia magharibi, kwa feri inayovuka ghuba pana ya Breiðafjörður na kupitia kisiwa kidogo cha Flatey. Katika visiwa vya ghuba hii hutaga bata wa baharini ambaye jike lake hujinyofoa manyoya laini ya kifuani na kuyatandika katika kiota ili mayai yasipate baridi. Wenyeji huyakusanya manyoya hayo bila ya kumdhuru ndege, huyasafisha na kuyauza kwa bei kubwa kwa ajili ya mafarishi. Inasemekana huhitajika viota 60 hivi kupata kilo moja. Kwa kuwa jambo hili ni maisha yao, wakulima hawa humlinda bata dhidi ya mbweha na mwewe, humjengea vibanda vya mawe, na humpitia kwa upole kama mtu anayepita chumba alimolala mzazi. Tulipenda sana kuona biashara ambayo faida yake yategemea ndege kuishi.

Huko Flatey pia huogelea ndege mmoja mdogo mwembamba, mwenye shingo nyekundu, anayezunguka majini kama pia ili wadudu wapande juu naye apate kuwadonoa. Kwa ndege huyu jike ndiye mwenye rangi za kupendeza, na dume ndiye anayelalia mayai na kuwalea watoto. Jamaa zake wanaotaga Skandinavia na Urusi huhama majira ya baridi hadi Bahari ya Uarabuni, karibu na pwani ya Oman. Mke wa mvuvi wa Salalah huenda anamjua ndege huyu vyema kuliko tulivyomjua sisi, ila hajapata kumwona akiwa amevaa nguo zake za sherehe.

Maporomoko tutayapitia kwa haraka, ingawa si kwa dharau. Yale ya Dynjandi, katika rasi za kaskazini magharibi, huteremka kiasi cha mita 100, nayo hupanuka kuelekea chini kama shela iliyotandazwa. Khaleti alitufunza kuiweka kamera juu ya kitegemeo cha miguu mitatu na kuliacha jicho lake wazi kwa muda mrefu kidogo, ili maji yaonekane kama hariri. Pia alitufunza kubeba vitambaa vingi vya kufutia lenzi, kwa sababu manyunyu hufika mbali. Hayo yote yamo katika kila kitabu cha kupiga picha. Yasiyokuwamo vitabuni tuliyakuta Látrabjarg.

Látrabjarg ni ncha ya magharibi kabisa ya Iceland. Ni jabali lenye urefu wa kilomita 14, na mahali palipoinuka zaidi limefika mita 441 kutoka baharini. Hakuna ukuta wala kamba ya kumzuia mtu. Nyasi zinaishia, kisha ni hewa tupu, na katika hewa hiyo ndege kwa maelfu wakizunguka, wakiitana, wakigombana. Harufu ya kinyesi chao humpokea mgeni kabla ya macho kuona kitu. Bahari iko chini mno hata mawimbi yanapopiga mwamba mlio wake huchelewa kufika. Ndege wamejigawia jabali hili kama watu wa jengo la ghorofa: chini wamo shakwe wadogo wanaojenga viota kwa matope na mwani, katikati kwenye vidaraja vya mawe wamesimama ndege weusi kwa weupe waitwao langvia na alka, na juu kabisa, penye udongo na nyasi, amechimba shimo lake yule ambaye kila mpiga picha amemfuata, lundi.

Lundi ni ndege mfupi wa kimo cha chupa ya maji, mwenye mgongo mweusi, kifua cheupe, miguu ya rangi ya chungwa na mdomo mpana wenye mistari ya rangi. Watu wengi wanamjua kwa picha wala hawajui kwamba mdomo ule ni vazi la msimu tu, kwani yale magamba ya rangi hupukutika baada ya kulea na ndege hubaki na mdomo mdogo wa kijivu. Majira ya baridi yote huishi baharini bila ya kukanyaga nchi kavu. Mwezi wa Aprili hurudi jabalini, aghalabu kwa mwenzi yule yule na shimo lile lile, naye hutaga yai moja tu kwa mwaka. Shimo hukaribia urefu wa mita moja, na kifaranga hukaa humo gizani wiki sita hivi akiletewa samaki. Lundi anaweza kuwabeba samaki kumi na zaidi kwa safari moja, wamejipanga mdomoni kama sindano, kwa kuwa ulimi wake na kaakaa lake vina miiba inayowashika waliotangulia anapofungua mdomo kumkamata mwingine.

Hawaogopi watu. Hilo ndilo linalowavuta wapiga picha Látrabjarg, na hilo ndilo linalowatia hatarini ndege wenyewe. Khaleti alituamuru tulale kifudifudi kabla ya kufika ukingoni na tujikokote kwa viwiko. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni roho zetu, kwani ukingo umetobolewa kwa mashimo ya lundi na udongo wake waweza kumeguka na mtu. Ya pili ni kwamba mguu wa mtu mzima ukititia juu ya shimo, ndani yake kuna kifaranga, na hakuna cha pili mwaka ule.

Tukalala. Kanga zetu zilizotandikwa juu ya nyasi zililowa umande, na lundi mmoja akaja akasimama umbali wa mkono kutoka kwa binti yetu mdogo, akamtazama kwa jicho moja kisha kwa jingine. Mtoto hakupumua. Kwa hakika hakuna haja ya lenzi kubwa mahali kama hapa. Shida ni rangi, maana ndege mweusi kwa mweupe huichanganya kamera: ukiufuata weusi, kifua hugeuka karatasi tupu, ukiufuata weupe, jicho hupotea katika giza. Kwa hivyo siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua, na bora zaidi ni ile nuru ya usiku ambayo tutaieleza mbele. Kumpiga picha akiruka ni kazi nyingine kabisa. Mabawa yake ni mafupi, naye huyapiga mara 400 kwa dakika, kwa hivyo kamera yapasa ifumbue na kufumba jicho lake kwa sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, na hata hapo tulipata picha nyingi za mawingu matupu.

Siku ya pili hapo jabalini palitokea mzozo. Mwenzetu mmoja, mtu mzima mwenye lenzi ndefu kama bomba la maji, aliona kwamba akivuka kifuko cha nyasi kilichokuwa mbele ya mstari wetu angelipata picha ya lundi kwa upande wa bahari, ndege akiitazama nchi kavu. Khaleti akakataa. Mwenzetu akasema kwamba amelipa, tena amelipa nyingi, na ametoka mbali, na hatua ni tatu tu. Khaleti hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba chini ya hatua zile tatu alihesabu asubuhi ile mashimo manne yaliyoingiwa na wazazi wenye samaki. Mtu yule akanyanyua mguu. Hapo Khaleti akakunja kitegemeo cha kamera yake mwenyewe, akatwambia sote turudi garini, na tukakaa humo nusu saa nzima ilhali nuru njema inapita nje ya dirisha. Baadhi ya wenzetu walinung'unika kwamba wasio na kosa wameadhibiwa. Sisi twaona alifanya sawa. Kundi lililokuja pamoja hubeba pamoja, na lau angemkemea mtu yule peke yake, huenda angelirudi pale jioni kwa siri. Badala yake alirejea mbele ya watu, akaomba radhi kwa maneno machache, na hatukuliongelea tena.

Kanuni nyingine za Khaleti zilikuwa za aina hiyo hiyo. Hakuna kutumia taa ya kamera. Hakuna kupiga makofi wala kurusha kokoto ili ndege waruke. Hakuna kucheza sauti za ndege kwa simu ili kuwaita. Hakuna ndege-mashine ya kupigia picha karibu na jabali katika msimu wa kulea. Na lundi mwenye samaki mdomoni akisimama karibu nawe bila ya kuingia shimoni, maana yake ni kwamba umekalia njia yake. Ondoka upesi, kwa sababu mtoto wake anangoja.

Usiku wake ndio uliotufanya tusahau picha kabisa. Mapema mwezi wa Julai jua la Látrabjarg huzama baada ya saa sita ya usiku na huchomoza tena kabla ya saa kumi, na baina yake mbingu haiwi giza, huwa na rangi ya shaba na zambarau hafifu. Katika nuru hiyo vifaranga vya langvia huruka. Langvia hajengi kiota. Hutaga yai moja lenye umbo la tunda la peasi juu ya jiwe tupu, kwenye kidaraja chembamba cha jabali. Kifaranga akifikisha wiki tatu hivi, kabla mabawa yake hayajaweza kumpaa, baba hushuka majini na kuanza kumwita. Mtoto husogea ukingoni, hurudi nyuma, husogea tena. Kisha hujitupa.

Tuliwaona wengi wakijitupa usiku ule, vijidoa vyeusi vikipepesa vibawa visivyofaa, baadhi wakifika majini salama, baadhi wakidunda kwenye mawe ya ufukweni na kuinuka wakakimbia. Chini kulikuwa na shakwe wakubwa wakingoja. Binti mdogo alijifunika uso kwa mtandio. Dada yake aliishusha kamera na akabaki akihesabu kwa sauti ndogo walionusurika, akafika kumi na tisa, akaacha. Baba na mtoto huitana majini hata wakakutana, ndipo wakaogelea pamoja kuelekea bahari kuu, na baba ndiye atakayemlisha na kumfunza kupiga mbizi kwa wiki nyingi, mama akiwa amebaki nyuma jabalini kwa siku kadhaa. Binti mkubwa alimgeukia baba yake akamwuliza iwapo yeye angeliweza. Akajibu kwamba kwanza angeliuliza kama kuna ngazi.

Jabali hili lina kisa cha watu pia. Mwezi wa Desemba 1947 meli ya uvuvi ya Kiingereza iitwayo Dhoon ilikwama chini ya Látrabjarg katika dhoruba. Kuifikia kwa bahari hakukuwezekana. Wakulima wa mashamba ya jirani, waliozoea kushuka majabalini kwa kamba kuokota mayai ya ndege, walishuka kwa kamba zile zile katika barafu na giza la majira ya baridi, wakawafungia mabaharia kamba na kuwapandisha mmoja mmoja. Watu 12 waliokolewa, wakapokelewa na kulishwa majumbani mwa watu hao. Mwaka uliofuata alikuja mtengeneza filamu, Óskar Gíslason, kukiigiza kisa hicho, na wakati kazi ikiendelea meli nyingine ya Kiingereza, Sargon, ikakwama si mbali na hapo. Akaupiga picha uokoaji wa kweli na kuutia katika filamu yake. Sisi watu wa pwani, ambao kila nyumba ya zamani ina jina la mtu aliyeondoka na jahazi asirudi, tulikisikiliza kisa hiki tumesimama.

Kuna ndege mwingine ambaye hataki kabisa kupigwa picha, naye ni buabua wa Aktiki, ambaye wenyeji humwita kria kwa kuuiga mlio wake. Hutaga chini, penye changarawe, na mtu akikaribia humshambulia kichwani kwa mdomo wake mwekundu mkali. Shambulio lake huelekea mahali palipo juu kabisa, basi ukiinua fimbo hupiga fimbo. Waliovaa hijabu nzito katika kundi letu walipata nafuu kuliko waliovaa kofia za mtindo. Ndege huyu ana uzito wa gramu 100 hivi. Watafiti waliofunga vifaa vidogo miguuni mwa wale wa Greenland na Iceland walitangaza mwaka 2010 kwamba kwa wastani husafiri zaidi ya kilomita 70,000 kwa mwaka, kwenda Antaktika na kurudi. Mwingine wa visiwa vya Farne, Uingereza, aliizunguka Rasi ya Tumaini Jema akaingia Bahari ya Hindi, bahari yetu, kabla ya kufika barafuni. Na ndege wa pwani tunaowaona Mida Creek wakitafuta chakula maji yanapokupwa, wengi wao nao wametoka kutaga huko Siberia. Tunapowafukuza kwa mchezo, tunawakatiza riziki wasafiri waliochoka.

Si kwamba hali ya ndege hawa ni njema. Zaidi ya nusu ya lundi wote duniani hutaga Iceland, na tangu mwaka 2015 ndege huyu amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Kusini mwa kisiwa, tangu katikati ya miaka ya 2000, samaki wadogo wembamba ambao ndio chakula kikuu cha vifaranga walipungua vibaya, na kuna miaka ambayo mashimo mengi yalibaki bila ya mtoto aliyepona. Bahari yapata joto, samaki wahama, na lundi mwenye kifaranga hawezi kuhama nao. Wale shakwe wadogo wa ghorofa ya chini nao waliongezwa katika orodha hiyo mwaka 2017. Uwindaji wa lundi kwa wavu wa mpini mrefu, ambao ni chakula cha jadi cha watu wa visiwa, haujakatazwa kabisa, ingawa mahali pengi umepunguzwa sana. Hatukupenda namna baadhi ya wageni wenzetu walivyowabeza wenyeji kwa hilo. Watu hawa waliishi karne nyingi katika nchi isiyoota nafaka ya kutosha. Ndege na mayai yake yaliwaokoa watoto wao na njaa.

Aliyetoweka kabisa ni ndege mwingine wa jamaa hiyo, mrefu kiasi cha kufika mapajani mwa mtu mzima, asiyeweza kuruka. Wawili wa mwisho wanaojulikana waliuawa mwezi wa Juni 1844 kwenye mwamba wa Eldey, kusini magharibi mwa Iceland. Hawakuuawa kwa njaa ya mtu. Walikuwa wameshakuwa adimu, na kwa kuwa ni adimu, wakusanyaji wa Ulaya walitoa fedha nyingi ili kila mmoja awe naye kabatini mwake. Mwaka 1971 watu wa Iceland walichangishana fedha wakanunua mnadani London ngozi moja ya ndege huyo iliyojazwa pamba, irudi kwao. Khaleti alitusimulia haya tukiwa njiani, ndani ya gari, akiendesha, na tuliona yule mwenzetu wa lenzi ndefu akiangalia nje muda mrefu.

Siku mbili za mwisho tulizitumia Vestmannaeyjar, visiwa vya kusini, kwa feri ya kama dakika 40 kutoka bara. Kisiwa kinachokaliwa ni Heimaey. Usiku wa tarehe 23 Januari 1973 ardhi ilipasuka pembezoni mwa mji na moto ukapanda. Watu wapatao 5,300 waliondolewa usiku ule ule, wengi kwa mashua za uvuvi ambazo kwa bahati zilikuwa bandarini. Nyumba mamia zikafukiwa, na hata hivyo wengi wa watu walirudi. Jirani yake kuna Surtsey, kisiwa kilichozuka baharini mwaka 1963, ambacho haruhusiwi kukikanyaga ila mtafiti. Tulikipiga picha kwa mbali kama kila mtu.

Kuna jambo la Heimaey ambalo kwa uaminifu hatuwezi kulinyamazia. Mwaka 1627 maharamia kutoka Algiers walikishambulia kisiwa hiki, wakaua na kuwachukua watu zaidi ya 200 utumwani. Mmoja wao ni mwanamke aitwaye Guðríður Símonardóttir, mke wa mvuvi, aliyechukuliwa pamoja na mwanawe mdogo, akakombolewa na kurudi kwao baada ya miaka karibu kumi, bila ya mtoto yule. Mzee wa makumbusho alipotuona na hijabu zetu alitusimulia kisa hicho kwa adabu, bila ya kututupia lawama, na sisi tukamsikiliza kwa adabu. Tulimweleza kwamba pwani yetu nayo inayajua masoko ya watumwa, na kwamba wauzaji na waliouzwa wote wana wajukuu miongoni mwetu. Alitutilia chai.

Sasa tulieleze lile lililowafurahisha mabinti kuliko yote, ingawa tulifika kabla ya msimu wake. Mwishoni mwa Agosti na Septemba vifaranga vya lundi hutoka mashimoni usiku, peke yao, wazazi wakiwa wameshaondoka, nao hufuata nuru ya mwezi juu ya bahari. Lakini taa za mji ni kali kuliko mwezi. Kwa hivyo wengi hupotea wakaangukia barabarani, bandarini, chini ya magari. Basi watoto wa Heimaey huruhusiwa kukesha. Hutembea na wazazi wao na maboksi ya karatasi, wakiwaokota vifaranga kila pembe, na asubuhi huwapeleka kupimwa uzito na kuandikwa. Kisha husimama juu ya mwamba au ufukweni, humshika kifaranga kwa mikono miwili na kumrusha juu kuelekea bahari, naye huruka. Kazi hii imerithiwa kizazi kwa kizazi, na bibi aliyetukaribisha nyumbani kwake alituonesha boksi lililohifadhiwa ghalani pamoja na vifaa vya shule. Binti mdogo alifahamu mara moja, kwani ndilo jambo lile lile la kasa wa Watamu, ambao watoto wao wakianguliwa mchangani usiku hufuata taa za mahoteli wakidhani ni bahari. Ameomba ruhusa ya kukesha Watamu. Mazungumzo yanaendelea.

Yaliyobaki ni ya matumizi. Msafiri wa Kenya huhitaji viza ya Schengen, na aianze mapema kwa miezi. Gharama ni kubwa, tusidanganyane. Sisi tuliweka akiba miaka mitatu na tukaacha safari mbili za karibu. Samaki wapatikana kila mahali na ni wazuri mno, basi suala la nyama halikutusumbua. Upepo wa jabalini huung'oa mtandio wowote uliofungwa kwa pini moja. Hijabu ya kuvaa kichwani moja kwa moja, na kofia ya koti juu yake, ndiyo iliyotufaa. Buibui refu ni hatari ukingoni, na suruali pana yenye koti la kufika magotini hustiri vilevile.

Kuhusu Swala, tuliwauliza masheikh kabla ya kuondoka, na twawashauri wengine wafanye hivyo badala ya kutegemea programu ya simu, ambayo huko hutoa saa za kushangaza. Mahali ambapo wekundu wa mbingu haupotei usiku kucha, wanavyuoni wamesema kwamba wakati wa Isha hukadiriwa: wapo wanaofuata mji wa karibu ambao usiku wake wabainika, na wapo wanaofuata saa za Makka. Msingi wao ni ile hadithi ya Mtume (SAW) aliyeulizwa juu ya siku ya Dajjal iliyo ndefu kama mwaka, akaamrisha kukadiria. Sisi, kwa kuwa ni wasafiri, tulifupisha na kukusanya, na Magharibi tukaiswali kwenye nyasi za Látrabjarg saa ambayo watoto nyumbani Mombasa walikuwa wamelala zamani.

Atakayetaka kuwaona lundi asichelewe kupita siku za mwanzo za Agosti, kwa sababu huondoka karibu wote kwa pamoja, na jabali hunyamaza. Anayetaka kuwaona langvia wakiruka na afike baina ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai. Na kwa maboksi ya Heimaey, ni mwisho wa Agosti hadi Septemba, wakati ambao shule zetu zimeshafunguliwa.